Kihenge cha Boheti

Kila mjadala wa mjusi wa Tendaguru unapoibuka, Watanzania huuliza mambo mawili: atarudi lini, na kule Berlin anaingiza pesa kiasi gani. Ni maswali halali. Lipo la tatu, ambalo kwetu huku Turwa, tuliokulia pembeni ya vihenge, halipaswi kuwa gumu: nani alimtunza kwanza?

Kati ya 1909 na 1913, zaidi ya tani 200 za mifupa zilichimbwa Tendaguru na kubebwa kwa miguu hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa. Mfupa uliolala ardhini miaka milioni 150 hupasuka ukishikwa vibaya. Kwa hiyo vibarua waliufunika kwa plasta au udongo, mwingine wakauzungushia mianzi iliyofungwa pamoja kama pipa. Baadhi ya vifurushi hivyo vilikaa Berlin karibu miaka mia bila kufunguliwa. Hiyo ni kazi ya uhifadhi, ingawa historia imezoea kuwaita waliofanya hivyo wapagazi. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani.

Sasa soma majina. Giraffatitan brancai, yule wa zaidi ya mita 13 anayetawala ukumbi, amebeba jina la Wilhelm von Branca, mkurugenzi wa makumbusho. Dysalotosaurus lettowvorbecki amebeba la Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda aliyeendesha vita vyake juu ya ardhi yetu na migongo ya watu wetu. (Jamaa huyo hakuchimba hata jino.) Boheti alisubiri hadi 2007, akapewa Australodocus bohetii: pingili mbili za shingo.

Kanuni za kisayansi haziruhusu jina la mnyama lifutwe kwa sababu tu linatia aibu. Maelezo ya ukutani hayana kifungo hicho. Yanaweza kuandikwa upya hata kesho asubuhi, Berlin na hapa nyumbani.

Ningepewa kuchagua kitu kimoja cha kutangulia kurudi, nisingeanza na mjusi. Ningeomba kifurushi kimoja cha mianzi, bado kimefungwa, kiwekwe Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam na jina la Boheti juu yake. Mzee wa Turwa akisimama mbele yake atakagua mafundo kabla hajasoma neno.