Kupima Ushiriki wa Maprofesa katika Huduma kwa Jamii: Tathmini ya Kigezo kwa Kurejelea Mradi wa Malya

Huduma kwa jamii ni jukumu la tatu la chuo kikuu, baada ya ufundishaji na utafiti. Mawili ya kwanza yana vipimo vilivyozoeleka: mitihani husahihishwa, machapisho huhesabiwa. Hili la tatu mara nyingi hupimwa kwa hojaji ambayo profesa huijaza mwenyewe: amekwenda vijijini mara ngapi, ametoa mihadhara mingapi, yumo katika kamati zipi. Mtafiti anaona kuwa hojaji ya namna hii hupima nyendo za profesa, si ushiriki wake. Mtu hashiriki peke yake. Hata hivyo, mwenzake hana safu katika jedwali.

Mfano wa Malya, mkoani Mwanza, unalidhihirisha pengo hili. Mwaka 1982 na 1983, wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi na wanakijiji wa huko. Wanakijiji waliyajadili matatizo yao, wakayaonyesha kwa ngoma na maigizo, kisha wakayajadili tena. Hojaji yetu ingeona nini hapo? Siku za safari na idadi ya maonyesho. Nani aliyechagua tatizo la kuigizwa, jambo ambalo ndilo uti wa mgongo wa mradi wenyewe, lisingeonekana.

Uingereza imejaribu njia nyingine. Katika tathmini yake ya kitaifa ya utafiti, athari nje ya chuo zilipewa asilimia 20 ya alama mwaka 2014, na asilimia 25 mwaka 2021. Swali limehama kutoka kwa alichofanya profesa hadi kwa kilichobadilika, na hiyo ni hatua njema. Lakini mabadiliko hayo sharti yatokane na utafiti wa chuo, na simulizi huandikwa na chuo chenyewe. Malya maarifa yalikwenda na kurudi. Ni vigumu kusema alama zingekuwa za nani. (Aidha, kinachopimwa huko ni idara, hivyo profesa mvivu anaweza kujificha nyuma ya mwenzake.)

Suala hili si la takwimu tu. Ikiwa cheo hupatikana kwa wingi wa safari, mhadhiri kijana atazuru vijiji kumi kwa siku moja moja kuliko kukaa na kimoja kwa miaka miwili. Kwa hiyo, mtafiti anapendekeza maswali mawili yaulizwe kijijini: nani alichagua tatizo, na kazi gani iliendelea baada ya profesa kuondoka? Majibu yake nayo yana mtego. Mgeni husifiwa kwa adabu, hasa mwenyekiti wa kijiji akiwa amekaa pembeni. Hivyo mahojiano yafanywe na mtu asiyetoka katika idara husika, nyumbani kwa mhojiwa, angalau mwaka mmoja baada ya mradi kufungwa.