Fundi na Bingwa: Juu ya Bao la Baraza na Bao la Mashindano

Wako watu wasemao kwamba bao la kweli ni lile lichezwalo barazani jioni, kwa mazungumzo na kahawa, na kwamba mashindano yenye waamuzi na vikombe yameuharibu mchezo. Wako wengine wasemao kwamba bao la baraza ni porojo tupu, na kwamba mtu hajulikani kuwa ajua mpaka aketi mbele ya mgeni, pasipo rafiki wa kumnong'oneza. Ugomvi huu si wa bao peke yake. Jeshi la Prussia lilipokea mwaka 1824 mchezo wa vita wa Reisswitz kuwa chombo cha kuwafunza maofisa. Mwaka 1913 Mwingereza H. G. Wells aliandika kitabu kiitwacho Little Wars juu ya kuchezea askari wa bati sakafuni, kwa furaha tu. Na tangu mchezo wa Warhammer ulipotolewa Uingereza mwaka 1983, wachezaji wa vijisanamu vya vita wamegawanyika vivyo hivyo. Mmoja hupaka rangi askari wake na kupenda kisa cha pigano. Mwingine hupiga hesabu ya jeshi lipi halishindiki, na kisa hakimhusu. Kila upande humwona mwenziwe kuwa hakufahamu kilichomleta mezani.

Kwa Waswahili jambo hili lina uzito wa namna nyingine, kwa kuwa bao ni mchezo na pia ni hazina ya maneno. Ubao una mashimo 32 katika safu 4 za mashimo 8, na kete ni 64, nazo kwa kawaida ni komwe. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, yaani 6 katika nyumba na 2 katika kila moja ya mashimo mawili ya jirani, na 22 hubaki akiba. Kipindi cha kwanza ni cha kunamua, ambapo akiba huingizwa ubaoni kete moja moja. Cha pili ni cha mtaji. Asiyeweza kula hutakata. Mwenye kuweza kula hana hiari, sharti ale, hata akijua kwamba tonge hilo litamkwama. Ambaye safu yake ya mbele imebaki tupu, amekwisha.

Tena kete iliyoliwa haifi. Katika sataranji askari aliyeuawa huondolewa na kuwekwa kando. Katika bao aliyetekwa hutembezwa upande wa mtekaji, na baadaye huweza kurudi kwao. Kete 64 zilizoanza ndizo zinazomaliza. Kwa sababu hiyo hali ya mchezo hugeuka kwa kishindo: mtu aliyekuwa na mali tele huonekana baada ya mkono mmoja kuwa fukara, na watazamaji hupiga kelele. Kelele hizo zina haki yake. Mchezo wenyewe umeumbwa kwa namna ya kuzitaka.

Linganisha maneno hayo na yale ya mtaa wa Kariakoo. Mahali hapo palipata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Na tangu hapo pamekuwa pa watu wanaobeba, wanaouza na wanaohesabu. Neno la kwanza la mfanya biashara wa Mtaa wa Kongo au wa Msimbazi ni mtaji. Mchezaji wa bao naye huuliza kama ana mtaji, yaani kama anacho cha kumwezesha kula. Mmoja huogopa kula nyumba yake kabla ya wakati. Mwingine hutazama nyumba iliyojaa na kujiuliza kama aiache au aisafirishe. Kupigwa bao limekuwa neno la kila aliyezidiwa akili, hata ambaye hajapata kushika komwe. Na mtangazaji wa mpira, timu za Yanga na Simba zikikutana, hutangaza kwamba bao limefungwa, pasipo kukumbuka ubao. Lugha imechukua kutoka mchezoni zaidi ya inavyokiri.

Basi wapinzani wa mashindano hukosea pale wanaposema kwamba ushindani ni jambo geni lililoletwa na vikombe. Muyaka bin Haji wa Mombasa, mshairi wa karne ya 19, alilitumia bao katika utungo wake wakati mji wake ulipokuwa ukivutana na watawala wa Oman; na mwaka 2003 Alex de Voogt, mtaalamu wa michezo ya namna hii, aliyatumia mashairi hayo kuitafuta historia ya bao. Mshairi asingeliweza kuchukua mchezo wa kupitisha wakati na kuufanya mfano wa mapambano ya watu wazima, kama wasikilizaji wake hawakuwa wakiuona kuwa pambano. Wala pwani hii haikujua ngoma bila mashindano. Beni ya Marini na Arinoti iligawa miji miwili miwili. Malenga walitegana na kujibizana, na gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, liliwapa uwanja wa kufanya hivyo kwa maandishi. Na katika miaka ya 1990 vikundi vya taarabu vya Dar es Salaam vilirushiana mipasho mpaka mashabiki wakawa majeshi. Anayetaka bao lisilo na ushindani anataka kitu ambacho babu zake hawakukijua.

Lakini upande wa pili nao hukosea, na kosa lao ni kubwa zaidi. Hudhani kwamba ukiondoa mazungumzo, watazamaji na mzaha, kinachobaki ni bao safi, kama kwamba hayo yote yalikuwa maganda. Chama cha Bao kiliundwa mwaka 1966, na mashindano rasmi yamefanyika Tanzania Bara, Zanzibar, Lamu na hata Malawi, ambako mchezo huitwa bawo. Kazi hiyo ni ya kushukuriwa. Bila mashindano, kanuni za mtaa huu na mtaa ule zingebaki zikigombana. Bila mwamuzi, mkono mwepesi uangushao kete mbili palipostahili moja usingepata wa kuuzuia ila kelele. Hata hesabu yenyewe huhitaji mwamuzi, kwa maana yako matembezi ya kete ambayo kwa kanuni hayana mwisho: kila kete ya mwisho huangukia shimo lenye kete, na safari huendelea. Barazani mtu hucheka na kuanza upya. Penye kikombe, sharti iandikwe nani ameshinda.

Jambo linalopotea ni hukumu ya watazamaji. Kiswahili kina majina mawili ya mjuzi wa bao: fundi na bingwa. Hutumiwa mara nyingi kama kwamba ni neno moja, lakini sivyo. Bingwa huonekana kwa matokeo. Aliyewashinda wote ni bingwa, hata kama alishinda kwa uchovu wa wenzake. Fundi hutambuliwa na wanaofahamu. Huwezekana fundi ashindwe, na waliosimama nyuma yake waondoke wakisimulia ule mkono mmoja alioutoa kafara, akamlazimisha mwenziwe ale asichotaka kula. Matokeo yakiandikwa peke yake katika karatasi, mkono ule haupo. Hapa bao hufanana na shairi la kujibizana: mshindi hutangazwa, lakini beti zinazohifadhiwa huenda zikawa za mshindwa.

Huenda ikajibiwa kwamba watazamaji wa baraza ni wasumbufu, humfundisha anayeshindwa na kumvuruga anayeshinda. Ni kweli, tena humsifu mtu kwa sababu ni jirani. Lakini shule ya bao ni hiyo. Mtoto huanzishwa kwa bao la kujifunza, ambalo kete zote hupangwa mbili mbili tangu mwanzo, pasipo nyumba wala kunamua. Na kutoka hapo mpaka bao la Kiswahili hakuna darasa wala kitabu alichopewa, ila kusimama nyuma ya wakubwa na kusikia wanavyobishana kwa nini Fulani hakutakata upande wa kushoto. Mashindano humpima aliyekwisha kujua. Hayajapata kumfundisha asiyejua.

Kwa hiyo swali la haki si lipi kati ya mawili haya ni bao la kweli. Swali ni nini kinachoimaliza baraza, na jibu lake halimo katika mashindano hata kidogo. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, yenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na baraza mbele, ilikuwa ya ghorofa moja na ilimpa mpita njia mahali pa kuketi pasipo kuulizwa shida yake. Nyumba hizo zimebomolewa moja baada ya nyingine, na mahali pake yamesimama maghorofa ya maduka, ambayo chini yake kila hatua ya ukuta ina bei. Mwenye duka hana baraza, ana mlango. Bao, lenye ubao mzito na watu wawili waliokaa kwa starehe na wengine sita wamewazunguka, halina pa kuwekwa. Drafti limepata nafasi kwa kuwa hutoshea juu ya kreti, na vizibo vya soda ndivyo askari wake. Mtu hapaswi kulidharau drafti, nalo lina mafundi wake. Ila halikuzaa maneno kama yale.

Ikiwa ndivyo, wapenda baraza wanawalaumu watu wasiohusika, na wasimamizi wa mashindano wana dhamana kubwa kuliko waliyodhani, maana ukumbi wao huenda ukawa ndio baraza iliyobaki. Desturi ya kuwanyamazisha watazamaji yafaa itazamwe upya kwa jicho hilo. Fainali yaweza kuchezwa kimya. Lakini mara kete zikisharudishwa, hakuna kanuni inayozuia wachezaji wawili kuketi tena, kuupanga upya ubao pale bao lilipogeuka, na kuwaacha waliotazama waseme. Wacheza sataranji wa Ulaya wameandika michezo yao kwa karne nyingi, na mtu wa leo huweza kuicheza upya michezo ya marehemu mkono kwa mkono. De Voogt aliandika mwaka 1995 kitabu kizima juu ya umahiri wa mafundi wa bao wa Zanzibar, akichunguza akili zao zinavyofuata kete zisizohesabika kwa jicho. Ila michezo ya mafundi wa Dar es Salaam imekwenda na waliosimama nyuma yao. Mwanafunzi mwenye daftari, aketiye upande wa watazamaji na si upande wa mwamuzi, angeandika kete zilikopita, na katika ukurasa wa pili angeandika yaliyosemwa wakati zikipita.