Mpira wa Oili Hauchaguliwi kwa Unene

Fundi wa mipira ya presha pale Gerezani, Dar es Salaam, haanzi na mpira mpya. Anauchukua wa zamani, uliotoka kwenye kula ya oili ya Land Cruiser, anaufuta kwa kitambaa chenye petroli, kisha anaukunja karibu na nati. Nyufa zinafunguka hapo hapo. Upande uliopita jirani na bomba la moshi ndio umekakamaa zaidi.

"Huu haukupasuliwa na presha, kaka," anamwambia dereva. "Umebanikwa."

Dereva alikuwa na lake: afungiwe mpira wa katapila, wenye matabaka mawili ya waya. Mpira wa nusu inchi wa aina hiyo hubeba zaidi ya bar 200, wakati oili ya injini kwa kawaida haifiki hata 10. Tatizo ni joto. Mipira mingi ya haidroliki mwisho wake ni nyuzi joto 100, na oili ya gari linalopanda mlima na mzigo huvuka hapo. Fundi anapekua rundo, anasoma maandishi ubavuni, anautoa ulioandikwa 150.

Sasa hesi, na hapa ndipo nilipomvulia kofia. Venia inasoma milimita 22 na kidogo. Fundi mwenye haraka angechukua nati ya M22 akafunga. Lakini kuna hesi ya inchi, ya 7/8, inayoizidi M22 kwa milimita 0.2 tu, na mchoko wa kawaida unatosha kuficha tofauti hiyo. Anachomoa kipimo cha meno, anakilaza juu ya hesi, anakiinua kwenye mwanga. Jani la 1.5 linaacha upenyo. La meno 14 kwa inchi linakaa kimya. Ni ya inchi. Halafu anamulika mdomo wa fitingi kwa tochi, maana hesi hushika tu. Kinachozuia oili ni ule mlalo wa ndani, chuma kwa chuma, na nyuzi za pembe yake lazima zilingane.

Urefu anaupima kwenye gari lenyewe, kwa kamba. Anaongeza kidogo, kwa sababu injini hutikisika na mpira wenye presha huweza kufupika. Anakata, anapuliza ndani kwa kompresa mpaka vumbi la mpira liishe. Chembe moja ikibaki, safari yake ni kwenye beringi. Fitingi za pembe anazipanga zitazame zinakotakiwa, anatia alama ya chaki, ndipo anaingiza kwenye mashine. Meno manane yanaminya pamoja. Anapima kipenyo cha mminyo, anaminya tena kidogo, anapima tena.

Kufunga kunahitaji spana mbili, moja ishike fitingi, nyingine izungushe nati. Jicho lake liko kwenye mstari wa maandishi ya mpira: ukijizungusha kama kamba ya katani, mpira umepindwa, na anaulegeza aanze upya.

Injini inawaka. Hakuna tone. Dereva ameshakamata gia, lakini fundi anamwonyesha kiganja: thamostati haijafunguka, oili ya moto haijafika kwenye kula. Anaweka mkono karibu na mpira mpya, anasubiri upate joto. Kisha ule mwingine wa kula. Ndipo anaomba injini izimwe, anachomoa dipstiki, na kuagiza oili ya kujazia.