Mchoro Mzuri, Sarufi Mbaya: Tuchague Vipi Programu za Kuchorea?

Siku hizi ni nadra kuingia katika chumba cha mihadhara cha Kiswahili usikute mchoro wa rangi ukutani. Wanafunzi wetu wa ualimu wanaporejea kutoka mazoezi ya kufundisha huleta michoro ya ngeli, ya viambishi na ya nyakati, mingi ikiwa imetengenezwa kwa programu za mtandaoni. Michoro-taarifa hii, au infografiki kama wengine waiitavyo, inapendeza. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba tunazichagua programu hizi kwa kutazama uzuri wa violezo vyake, ilhali tulipaswa kwanza kuuliza kama zinaiacha sarufi ya Kiswahili ikae inavyotaka.

Nichukue mfano mmoja wa hapa idarani. Kwa ajili ya Siku ya Kiswahili Duniani, ile ya tarehe 7 Julai iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, tulibandika mchoro wa ngeli uliokuwa duara lenye vipande sita vilivyo sawa. Kwa nini sita? Kwa sababu kiolezo kilikuwa na vipande sita. Ngeli ya mahali, PA-KU-MU, ilikosa nafasi, na KU ya vitenzi-jina nayo ikaachwa nje. Isitoshe, chati duara ina maana yake: humwambia msomaji kwamba kitu kizima kimegawanywa, na ukubwa wa kila kipande ndio kiasi chake. Ni nani amewahi kuhesabu nomino za Kiswahili akakuta ngeli zote zina idadi sawa?

Kosa kubwa zaidi lilikuwa katika picha. Chini ya KI-VI palikuwa na kiti, kikombe na kiboko, yule mnyama wa mtoni. Katika zoezi la wiki iliyofuata, wanafunzi kadhaa wa mwaka wa kwanza waliandika "kiboko kimelala mtoni." Hatuwezi kuwalaumu, walisoma ukutani. Umbo la neno ni la KI-VI, lakini upatanisho wake ni wa A-WA: kiboko amelala, viboko wamelala. Kiboko cha kuchapia, hicho ndicho kimepotea, na heri kipotee. Mchoro wa neno moja na picha moja hauna mahali pa kuweka sentensi, na ngeli hujulikana ndani ya sentensi.

Hapa Uganda tuna haja nyingine pia. Mwanafunzi azungumzaye Luganda hufaidika na safu mbili: omuntu na abantu kando ya mtu na watu, omuti na emiti kando ya mti na miti, ekintu na ebintu kando ya kitu na vitu. Mzungumzaji wa Kiacholi, ambaye lugha yake si ya Kibantu, hapati msaada huo. Yeye anahitaji mishale itokayo kwenye nomino kwenda kwenye kivumishi na kitenzi, aone jinsi kiambishi kinavyosafiri. Sijaona kiolezo kinachofanya kazi hizi mbili. Basi swali la kwanza kwa programu yoyote liwe hili: je, inaniruhusu kuanza na ukurasa mtupu na kuchora majedwali na mishale nipendavyo?

Canva, iliyoanzishwa Australia mwaka 2013, inaruhusu, ila kila kitu ndani yake kinakuvuta kwenye violezo. Infogram, iliyozaliwa Latvia, nguvu yake ni takwimu. Ukitaka kuonyesha idadi ya wanafunzi kwa miaka mitano utapata grafu safi upesi, lakini kwa ngeli haitakufaa sana. Inkscape si ya mtandaoni. Imekuwapo tangu mwaka 2003, ni ya bure, unaipakua mara moja na kuendelea bila intaneti. Kujifunza kwake kunachosha, mimi ilinichukua likizo nzima. Hata hivyo, kwa anayenunua bando la siku hiyo ndiyo nafuu. Asiyeiweza ajaribu LibreOffice Draw.

Kuna na jambo la urefu wa maneno, ambalo wengi hulipuuza. Visanduku vya violezo vingi vimepimwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza. Neno "tutakapowafundisha" lina herufi 18. Katika programu moja nililiona limekatwa, "tutakapow" juu na "afundisha" chini, silabi imepasuliwa katikati. Mwanafunzi anayejifunza mofimu atajuaje hapo kwamba -wa- ni kiambishi cha mtendwa? Liandikeni neno hilo katika kisanduku chembamba kabla hamjalipia chochote. Kisha toeni fotokopi ya mchoro, kwani nyekundu na kijani kilichokolea vikipita katika mashine hiyo huwa kijivu kimoja, na shule nyingi tunakopeleka wanafunzi hazina printa ya rangi.

Ule mchoro wa duara tumeuondoa. Mpya una jedwali la sentensi na rangi mbili tu, na wageni husema haupendezi kama wa kwanza. Kiboko sasa yuko katika safu ya A-WA. Walimu walio na nakala ya ule wa zamani tunawaomba wasiendelee kuutolea fotokopi.