Beringi si Gololi: Uhakiki wa Istilahi za Gurudumu la Tela

Makala haya yanakusudia kuhakiki maneno matatu yanayoweza kumpotosha mtu katika tafsiri za maagizo ya kutunza gurudumu la tela: gololi, paka na kaza. Tela, liwe la kubebea maji kwa trekta kandokando ya Chimwaga, liwe la kushushia mashua katika bwawa kama la Mtera, hubebwa na kifaa kidogo kilichofichika ndani ya kitovu cha gurudumu. Neno likikosewa, gurudumu huchomoka njiani.

Ieleweke kwanza kwamba neno la Kiingereza la kifaa hiki lina maana nyingi: mwelekeo wa chombo baharini, mwenendo wa mtu, na kitegemeo cha mashine. Katika maandishi yahusuyo mashua, maana ya kwanza na ya tatu huweza kukutana katika ukurasa mmoja. Yampasa mfasiri akitazame kitu chenyewe kabla ya kufungua kamusi.

Gololi ni neno zuri. Watoto huzichezea na mafundi wa baiskeli huzijua. Lakini hapa jina la sehemu limepewa kitu kizima. Matela mengi hayana gololi kabisa, bali yana rola zenye umbo la pia iliyokatwa ncha, muundo ambao Henry Timken alipewa hataza yake huko Marekani mwaka 1898. Rola hutoka pamoja na pete ya ndani. Pete ya nje hubaki kitovuni. Aambiwaye "badilisha gololi" ataiacha pete ya nje iliyochakaa, na rola mpya zitaharibika upesi. Kwa hiyo tuseme beringi kwa kifaa kizima, kisha beringi ya gololi na beringi ya rola kwa aina zake.

Neno la pili ni paka. Grisi ya beringi haipakwi kama mafuta ya mwilini. Hushindiliwa kati ya rola mpaka itokeze upande wa pili. Kwa tela la mashua jambo hili lina uzito zaidi. Kitovu kilichopata moto safarini kikizamishwa katika maji baridi, hewa ya ndani husinyaa, na maji huvutwa kupitia sili iliyochakaa. Kutu huanzia hapo. Shindilia ni neno letu la siku nyingi. Mkulima hulitumia kwa gunia.

La tatu ni kaza. "Kaza nati barabara" ni agizo la hatari. Nati hukazwa huku gurudumu likizungushwa, ili rola zikae mahali pake. Kisha hulegezwa kidogo, ndipo pini ya kuizuia hutiwa. Ikiachwa imekaza mno, beringi huungua. Mfasiri aliyeziunganisha hatua hizi kuwa moja amefupisha sentensi na kuharibu kazi.

Wapo wanaolilaumu neno beringi kwa ugeni wake. Lawama hiyo ni dhaifu, kwani grisi na nati nazo zilikuja na zikapokewa. Istilahi ipimwe kwa kazi inayofanya mkononi mwa mtumiaji. Basi kabla ya kupeleka maagizo kiwandani kuchapwa, asomewe fundi mwenye spana mkononi. Akifungua kisichotakiwa, tafsiri irudiwe.