Faida Ipi? Kuipima Habari ya Ndege kwa Jicho la Mkulima wa Chai

Mkulima wa Litein au Mogogosiek hahitaji kufundishwa kusoma habari za biashara ya ndege. Somo hilo amelipata kwenye mizani ya kituo cha majani. Akisikia chai imepanda bei mnadani Mombasa, hakimbilii kuhesabu pesa. Huuliza: ni bei ya kilo ya chai kavu, au ya majani mabichi, ambayo huhitajika zaidi ya kilo nne kutoa kilo moja kavu? Ni kwa dola au kwa shilingi? Na kabla ya bonasi, wamekata nini? Habari bora ya ndege huyajibu maswali hayo kabla hujafungua mdomo.

Anzia kwenye neno "faida". Ukilikuta limesimama peke yake kwenye kichwa cha habari, tia shaka. Kwa mwaka wa 2023 Kenya Airways ilipata faida ya uendeshaji ya shilingi bilioni 10.5, na hesabu za mwaka huohuo zikafungwa kwa hasara ya bilioni 22.7. Yote mawili ni kweli. Mwandishi mvivu huokota moja, kutegemea kama anataka kusifu au kuponda. Mwandishi stadi huyaweka pamoja kisha akakuonyesha pesa zilipopotelea njiani: madeni ya dola, na shilingi iliyoporomoka mwaka huo.

Mwaka 2024 shilingi ikapata nguvu, na shirika likatangaza faida ya bilioni 5.4, ya kwanza baada ya zaidi ya mwongo mmoja. Shangwe zilikuwa nyingi, lakini kipimo cha ripoti nzuri kilikuwa kimoja: je, ilitenga kilichotoka mifukoni mwa abiria na kilicholetwa na sarafu? Huku kwetu jambo hilo lilieleweka vizuri zaidi mwaka 2025, KTDA, wakala wa wakulima wadogo wa chai, ilipoitaja shilingi hiyohiyo miongoni mwa sababu za bonasi kushuka. Chai huuzwa kwa dola, deni la ndege hulipwa kwa dola. Kilichomnenepesha mmoja kilimkondesha mwenzake.

Halafu viti. Ndege kujaa si hoja, kama vile kiwanda kujaa majani si hoja. Tafuta nauli iliyolipwa kwa kila kiti kwa kila kilomita, na gharama ya kukirusha kiti hicho. Tena tafuta ndege ambazo hazikuruka. Hasara ya Kenya Airways iliporudi katika nusu ya kwanza ya 2025, jambo la kusoma lilikuwa Dreamliner tatu zilizokaa chini kwa matatizo ya injini, maana ndege iliyolala haiingizi nauli na gharama zake hazilali nayo. Ripoti iliyoishia kwenye idadi ya abiria ilikuwa imepima gunia bila kulifungua.

Angalia pia kama mwandishi aliyesifu viti vya daraja la juu amesema nani alimlipia tiketi. Hilo halihitaji maelezo.

Ajali ndiyo mizani ya mwisho. Machi 10, 2019, ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 737 MAX iliyokuwa ikija Nairobi ilianguka na kuua watu 157, wakiwamo Wakenya 32. Wiki moja baadaye Dominic Gates wa gazeti la Seattle Times, mwalimu wa hesabu wa zamani, alieleza kasoro katika jinsi mfumo mmoja wa udhibiti wa 737 MAX ulivyokaguliwa na kuidhinishwa. Maswali yake yalikuwa yamefika Boeing na kwa wadhibiti wa Marekani siku kadhaa kabla ya ajali hiyo. Yeye na wenzake walipata tuzo ya Pulitzer mwaka 2020. Mwandishi wa namna hiyo utamtambua kwa nyaraka alizosoma wakati hakuna aliyekuwa akitazama.

Kwa mazoezi, chukua habari yoyote inayosema Kerenga, kiwanja chetu kidogo cha Kericho, kitapokea ndege za abiria. Urefu wa njia ya kurukia umetajwa? Kisumu, iliyo kilomita kama 80 tu kutoka hapa, imetajwa? Na Jumanne ya Mei, mvua ikinyesha na bonasi ikiwa bado miezi, nani atakaa kwenye viti hivyo, na kwa nauli mara ngapi ya matatu ya Nairobi?