Nguzo Imeletwa na Nani? Mwezeshaji na Dira ya Jamii katika Tamthilia ya Nguzo Mama

Uhakiki mwingi wa Nguzo Mama (1982) ya Penina Muhando umejikita katika suala la ukombozi wa mwanamke, na si kwa makosa. Katika sehemu hii, hata hivyo, tunaisoma kama tamthilia ya upangaji wa maendeleo. Wanawake wa kijiji cha Patata wana lengo la pamoja na wana kazi inayopimika kwa macho: kuisimamisha nguzo. Nguzo haisimami. Wahakiki huuliza kwa nini wameshindwa. Sisi tunaanza na swali linalotangulia hilo, yaani, nguzo yenyewe imeletwa na nani?

Tamthilia inapoanza, kuisimamisha nguzo tayari ni jukumu la wanawake hawa. Wanachojadili ni namna ya kuiinua, wala si kama waliihitaji. Aidha, mwandishi amewapa majina ya namba, hadi kufikia Bi Nane, kana kwamba wameingizwa katika orodha ya mahudhurio. Lakini kila namba ina nyumba yake. Mirathi inayogombewa na ndugu wa mume, fedha ya matumizi na ugomvi wa wao kwa wao ndivyo vinavyowatoa kazini mmoja baada ya mwingine. Ni rahisi kuviona vitu hivi kama vikwazo vya kulifikia lengo. Kwa mtazamo wetu, hivyo ndivyo vilivyopaswa kuwa lengo.

Neno “vikwazo” halikuteuliwa hapa kwa bahati. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania ilianza kutumia mfumo wa upangaji shirikishi uitwao Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Timu ya wawezeshaji hufika kijijini, wananchi huainisha fursa na vikwazo, kisha mpango hupelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Malengo ya kuanzia, hata hivyo, yalitokana na Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025. Kijiji kiliombwa kuota ndoto ambayo vichwa vyake vya habari vilikuwa vimekwisha andikwa. Hatudai kwamba Muhando aliukosoa mfumo uliokuja takribani miaka 20 baada ya tamthilia yake. Tunachodai ni kwamba umbo la tatizo ni lilelile.

Istilahi yenyewe inastahili kuchunguzwa. “Mwezeshaji” imejengwa juu ya mzizi -weza na kiambishi cha usababishi, hivyo ni mtu anayemfanya mwingine aweze. Maana hiyo hubeba dhana kwamba kabla hajafika, wenyeji hawakuweza. (Mnyumbuliko mmoja wa kitenzi umebeba nadharia nzima ya maendeleo, ingawa wanaoutamka katika semina hawana nia hiyo.)

Mwandishi wa kazi hii amewahi kuwa mwandika kumbukumbu katika zoezi la aina hiyo, katika kijiji ambacho hakitatajwa. Mama mmoja wa makamo alisimama akaeleza kwa kirefu jinsi kisima kilivyo karibu na nyumba ya shemeji aliyemdhulumu shamba, na kwamba yeye huamka usiku ili asikutane naye. Katika jedwali niliandika: “Kikwazo: umbali wa huduma ya maji.” Kisima hakikuwa mbali. Hakuna aliyenisahihisha, kwa kuwa jedwali halikuwa na safu ya shemeji. Ni baada ya kuirudia Nguzo Mama ndipo nilipotambua kwamba mama yule angeweza kuwa mmoja wa wanawake wa Patata, nami nilikuwa nimemgeuza namba.

Muhando, ambaye kama mtafiti anafahamika zaidi kwa jina la Penina Mlama, alijaribu njia nyingine nje ya kitabu. Pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Amandina Lihamba, alifanya kazi ya sanaa za maonyesho kwa maendeleo huko Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982 na 1983. Huko wanakijiji walitafiti na kuchambua matatizo yao, wakayaonyesha kwa ngoma na maigizo, ndipo mjadala ukafuata. Katika mpangilio huo shemeji anaweza kuingia uwanjani akiwa na sauti yake, na watu wakamtambua bila kumtaja.

Mpinzani wa hoja yetu atasema kwamba igizo haliwezi kuambatishwa kwenye bajeti ya halmashauri. Ni kweli, na tunalikubali bila shingo upande: mpango ulioandikwa humpa mwanakijiji karatasi ya kumdai kiongozi, jambo ambalo ngoma haiwezi. Udhaifu huo unaigusa hata tamthilia yenyewe. Bi Msimulizi anayaona yote, anayasimulia kwa ufasaha, na mwisho wa onyesho nguzo ingali chini. Naye, kama mwandika kumbukumbu, hakuombwa kushika upande wowote wa nguzo hiyo. Sura inayofuata itamchunguza Chizi, ambaye hayumo katika orodha ya namba na ambaye maneno yake hakuna anayeyaandika.